Mpelelezi wa Kukodiwa: Istilahi na Maoni ya Wasomaji Juu ya Riwaya ya "The Big Sleep"

Mtu akitaka kueleza maoni yake juu ya kitabu, aghalabu hudhani kwamba anachohitaji ni ladha na akili tu. Husahau kuwa maoni hayasemeki ila kwa maneno, na kwamba yale maneno aliyonayo mara nyingi yamekwisha kumwamulia hukumu kabla hajafungua kinywa. Katika makala haya tumekusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni riwaya ya Raymond Chandler iitwayo The Big Sleep, iliyotolewa na kampuni ya Alfred A. Knopf, New York, mwaka wa 1939. Wasomaji wamebishana juu ya kitabu hiki kwa zaidi ya miaka 80. Na kila mwalimu au mfasiri ajaribuye kuyaeleza mabishano hayo kwa Kiswahili hukwama katika maneno yale yale machache. Mapendekezo tutakayoyatoa ni yetu. Hayajawa maamuzi ya kusanifu, nayo yanangoja kupingwa.

Kwa wale ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Philip Marlowe ni mpelelezi wa Los Angeles asiyeajiriwa na polisi wala na serikali. Zamani alikuwa mchunguzi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya, akafukuzwa kwa ukaidi. Jenerali Sternwood, mzee mgonjwa aliyetajirika kwa mafuta ya petroli, anamwita amshughulikie mtu mmoja aitwaye Geiger, aliyemletea hati za deni la kamari zenye sahihi ya Carmen, binti yake mdogo. Duka la Geiger kwa nje ni la vitabu adimu. Kwa ndani huazimisha vitabu vya aibu. Kabla ya usiku wa siku ile ile kwisha, Geiger ameuawa. Nyuma ya jambo hilo liko jingine: Rusty Regan, mume wa binti mkubwa, ametoweka, na mzee alimpenda. Marlowe hakuombwa waziwazi amtafute Regan, lakini kila amkutaye hudhani kuwa hiyo ndiyo kazi aliyotumwa.

Sasa tuyatazame maoni. Lalamiko kongwe kuliko yote ni la dereva. Dereva wa nyumba ya Sternwood, Owen Taylor, anakutwa amekufa ndani ya gari la bwana wake lililotumbukia baharini karibu na gati. Je, ameuawa au amejiua? Na kama ameuawa, na nani? Kitabu kinaendelea na safari yake bila ya kutoa jibu. Howard Hawks alipokuwa akitengeneza filamu ya kisa hiki, iliyotolewa mwaka wa 1946, suala hilo likazusha ubishi miongoni mwa wafanyakazi wake hata wakampelekea mwandishi telegramu ya kumwuliza. Chandler mwenyewe alisimulia baadaye, katika barua, kwamba hata yeye hakujua.

Kwa wasomaji wengi neno hilo latosha kukitia kitabu hatiani. Nasi tunawaelewa. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na kitendawili: mtegaji akisema "Kitendawili!" huitikiwa "Tega!", wasikilizaji wakishindwa humpa mji, naye akiisha kupewa mji hana budi kutegua. Hakuna mtegaji apokeaye mji kisha akasema kuwa jibu halijui. Na mkataba huo ndio huo uliofungwa na waandishi wa Kiingereza katika miaka ya 1920 na 1930. Ronald Knox aliuandikia amri kumi mwaka wa 1929, na mwaka uliofuata waandishi wenziwe wa London wakaunda chama chao, Detection Club, ambacho mwanachama wake huapa kutomdanganya msomaji. Dalili zote ziwekwe mezani. Mwenye akili azikusanye. Mwishoni ajulikane mwuaji.

Hadithi za upelelezi za Kiswahili nazo zilianza kwa mkataba huo. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyotolewa mwaka wa 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, ilitupa Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra, ambaye undugu wake na Sherlock Holmes haukufichwa. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa, akiambiwa kwamba The Big Sleep nayo ni "hadithi ya upelelezi", ataingia akitazamia kuteguliwa. Asipoteguliwa atasema, na atasema kweli, kwamba hadithi haikufungwa.

Hapa ndipo istilahi inapotenda kazi yake ya siri. Mhakiki wa Kimarekani Edmund Wilson, ambaye hakuwa na huruma na hadithi za namna hii, aliandika katika The New Yorker mwaka wa 1945 kwamba kati ya rundo alilopewa kusoma ni kitabu kimoja tu alichokisoma chote na kukifurahia, nacho ni kingine cha Chandler, Farewell, My Lovely. Lakini papo hapo akakitoa kundini: akasema si hadithi ya upelelezi ya namna ile ya kale, bali ni ya jamii ya visa vya hatari kama vile avitungavyo Graham Greene. Mshairi W. H. Auden naye, mwaka wa 1948, alikwenda mbali zaidi, akashauri vitabu vya Chandler visomwe kama kazi za sanaa zichunguzazo mazingira ya uhalifu, visihesabiwe kuwa burudani ya kukimbilia. Wote wawili waliona kuwa ili waweze kusifu hawana budi kwanza kubadili jina la kitu. Nasi twaona vivyo hivyo. Twapendekeza kwamba ile iliyofungwa na mkataba wa kutegua iitwe "hadithi ya fumbo", kwa sababu fumbo kwa Mswahili hudai mfumbuzi; na "hadithi ya upelelezi" libaki kuwa jina la ukoo mzima, ambamo fumbo ni mtoto mmoja tu.

Ni haki pia kueleza kwa nini dereva yule aliachwa. Chandler hakukisuka kitabu hiki kwa mara moja. Alichukua hadithi zake fupi zilizokwisha kuchapishwa katika gazeti la Black Mask, hasa "Killer in the Rain" ya mwaka 1935 na "The Curtain" ya mwaka 1936, akaziunga. Waliowahi kutazama mkeka ukitengenezwa watafahamu mara moja: kila ukili husukwa peke yake, kisha kili hushonwa pamoja, na fundi awe hodari namna gani mshono huonekana kwa mwenye kuutafuta. Habari za Geiger ni ukili mmoja, habari za Regan ni wa pili, na dereva ameanguka kwenye mshono. Ndiyo maana tunapenda neno "msuko" litumike kwa mpangilio wa matukio, kuliko "ploti" ambalo halina picha yo yote. Mhakiki awezaye kusema kwamba msuko umelegea, umefumuka, au umeungwa katikati, anaweza kusema jambo la hakika na kulionyesha kwa kidole.

Tuje sasa kwenye sifa ambayo Wamarekani huipa riwaya ya namna hii. Imetoka jikoni: ni yai lililochemshwa mpaka kiini kikawa kigumu. Mmarekani amwitaye mtu hivyo ana maana kwamba mtu huyo hatikiswi na machozi wala na bastola. Wajerumani walilichukua yai hilo zima zima, wakalitia katika lugha yao. Wafaransa, ambao wana msemo wao wa kitu kisichoiva upesi, kwa jamii yenyewe ya riwaya walipendelea rangi: mfululizo wa vitabu ulioanzishwa na Marcel Duhamel katika kampuni ya Gallimard mwaka wa 1945 ulipewa jina la weusi, na humo ndimo ilimotoka mwaka wa 1948 fasiri ya The Big Sleep iliyofanywa na Boris Vian.

Sisi njia zote mbili zimetufungia. "Riwaya nyeusi" msomaji wa Afrika atadhani ni riwaya ya watu weusi, na hatakuwa na kosa. Yai nalo halitufai. Kwetu yai la kuchemsha ni chakula cha safari, linalouzwa kwenye vituo vya mabasi pamoja na chumvi iliyofungwa katika kipande cha gazeti; halijapata kuwa mfano wa ushupavu. Tena katika misimu ya vijana wa Tanzania siku hizi, mtu akiambiwa "umechemsha" maana yake ameshindwa vibaya. Mpelelezi wa kuchemshwa atakuwa mpelelezi aliyeharibu kazi!

Basi wafasiri wengi hukimbilia neno "mgumu". Neno hili lina hila. Mtu mgumu, pasipo maelezo zaidi, ni bahili. Mwenye moyo mgumu ni Firauni. Marlowe si bahili wala si Firauni. "Mkavu" linakaribia, kwa kuwa mwenye macho makavu haoni haya kumtazama mkubwa usoni, na Marlowe ndivyo alivyo; lakini kitabu kikiitwa "riwaya kavu" nani atakinunua? Liko pia "sugu". Sugu ni ile ngozi iliyokakamaa kwenye kiganja cha mkulima au kwenye kisigino cha mtembea pekupeku. Haizaliwi na mtu. Huletwa na kazi, na chini yake nyama ni hai na huuma. Hatujaona katika Kiswahili picha imfaayo Marlowe kuliko hii. Kwa bahati mbaya neno limekwisha kuchukuliwa na wengine: kuna ugonjwa sugu na mhalifu sugu, na "mpelelezi sugu" atafahamika kuwa ni mtu asiyekoma kupeleleza, kama mlevi asivyokoma kunywa.

Baada ya kulizungusha jambo hili mara nyingi, tumefikia rai kwamba kosa liko katika kutafuta neno moja. Neno la Kimarekani linabeba mizigo mitatu kwa pamoja, na wasomaji wake hugombana kwa kuwa kila mmoja ameshika mzigo wake. Kwanza ni tabia ya mtu. Hapo na tuseme "mwenye sugu", yaani aliyeota sugu moyoni, na hatari ya "mhalifu sugu" itaepukwa kwa kutumia jina badala ya kivumishi. Pili ni mtindo wa usimulizi: sentensi fupi, maelezo ya kinachoonekana, hisia zisizotajwa, huo ni "mtindo mkavu", na hapa ukavu si tusi. Tatu ni jamii ya riwaya, na hiyo tungeitambulisha kwa mtu wake: "riwaya ya mpelelezi wa kukodiwa".

Jina hili la mwisho lahitaji kutetewa, maana tunajua litapingwa. Kiswahili hakikosi majina ya watu wa kazi hii. "Mpelelezi" ni la wote, wa polisi na wa jeshi, na katika vinywa vya wengi halitofautiani na "jasusi", ingawa jasusi hasa ni yule anayepenya upande wa adui. "Askari kanzu" ni polisi asiyevaa sare. "Kachero" ni la mtaani na la magazetini, na lina uchangamfu wake. Hata hivyo yote haya humweka mtu huyo chini ya dola. Mashujaa wa riwaya zetu pendwa wenyewe wamelizoeza sikio hivyo: Willy Gamba, ambaye Elvis Musiba alimtoa katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, huitumikia nchi. Mtu ambaye hatumikii nchi, hatumikii polisi, bali humtumikia yeyote amlipaye kwa siku, hana jina lililokaa.

Yako majaribio. "Mpelelezi wa faragha" halifai hata kidogo, maana laonyesha mtu apelelezaye faragha za watu. Ingawa, tukisema kweli, hiyo ndiyo kazi impatiayo riziki. "Mpelelezi wa kujitegemea" lina harufu ya Azimio la Arusha, na Marlowe hakupata kulima shamba la shule. "Mpelelezi binafsi" ndilo lililoenea zaidi, na kwa mtumishi wa serikali anayefasiri sheria au fomu ya leseni ndilo la kutumia, kwa kuwa sheria yataka kutofautisha mtu binafsi na chombo cha umma, basi. Lakini ni neno baridi. Halisemi jambo ambalo riwaya nzima inalisema.

"Wa kukodiwa" linalisema, tena kwa ukali. Wapinzani watatuambia kuwa neno hilo limechafuka: askari wa kukodiwa ni mamluki, na Afrika inawakumbuka waliokuja Kongo katika miaka ya 1960 na Shelisheli mwaka wa 1981. Twajibu kwamba uchafu huo ndio tunaoutaka. Marlowe hutoza dola 25 kwa siku pamoja na gharama. Swali linalopita katika kitabu chote ni hili: mtu aliyekodiwa, ambaye matajiri humwona kama gari la kukodi, aweza kubaki na heshima yake? Wasiokisoma watuwie radhi kwa kuwafichulia mwisho. Marlowe anagundua kwamba Regan aliuawa na Carmen, binti mgonjwa wa akili, na kwamba dada yake, Vivian, alimficha. Vivian anadhani kuwa Marlowe naye anatafuta bei yake, na anamtajia dola 15,000. Anazikataa, kwa hasira. Lakini polisi hawaambii, wala mzee hamwambii. Anataka tu binti yule apelekwe mahali pa kutunzwa, ili baba afe bila kujua.

Juu ya tendo hilo wasomaji wamegawanyika kuliko juu ya dereva, na mgawanyiko huu ndio wenye uzito. Wengine humwona Marlowe kama mtu mwadilifu wa mwisho katika mji uliooza. Hunyosha kidole kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, ambapo Marlowe akiingia nyumba ya Sternwood anatazama kioo cha rangi chenye picha ya shujaa wa farasi anayejaribu kumfungua mwanamke aliyefungwa kwenye mti, na anawaza kuwa ingefaa apande amsaidie. Wengine husema: mtu ameuawa, na mwenye kujua amenyamaza kwa ajili ya mteja tajiri, huo ni uadilifu gani? Sisi twaelekea upande wa hawa wa pili, ingawa si kwa kumtia Marlowe hatiani. Twaona kuwa mwandishi alikusudia jambo hilo litukere. Basi fasiri ikimwita "mpelelezi binafsi" ubishi huu hupoa, maana mtu binafsi ana hiari yake. Ikimwita "wa kukodiwa", msomaji atajiuliza kila mara: kwa nani, na kwa kiasi gani?

Kuna istilahi nyingine ambayo bila yake kisa hakianzi. Geiger hamwibii Jenerali wala hamtishi kwa silaha. Anazo siri za binti yake, na anadai fedha ili azinyamazie. Kiingereza kina neno moja la tendo hilo. Kiswahili cha mahakamani hulieleza kwa maneno marefu, ya kudai mali kwa vitisho vya kufichua siri, na katika hati ya mashtaka urefu huo ni lazima. Katika mazungumzo ya riwaya, hata hivyo, mtu hawezi kutoa bastola na kusema sentensi ya maneno tisa. Tunapendekeza "kulangua siri", na atendaye hayo awe "mlanguzi wa siri". Watanzania waliokuwa na umri wa kujua mambo mwaka wa 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu wa uchumi, hawahitaji kuelezwa mlanguzi ni nani: hukishika kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila ya kuwa nacho, kisha humwuzia kwa bei ya kumkamua. Mlanguzi wa siri hufanya hivyo hivyo, ila bidhaa yake ni ya mnunuzi mwenyewe.

Juu ya "mshukiwa", "mtuhumiwa" na "mshtakiwa" hatutasema mengi, kwani yamekwisha kuzungumzwa na wanasheria. Twakumbusha tu kwamba mwenye kuandika maoni juu ya riwaya asimwite Vivian "mtuhumiwa" mahali ambapo hakuna aliyemtuhumu ila msomaji. Huyo ni mshukiwa. Na "dalili" ni kile kimwongozacho mpelelezi, ilhali "ushahidi" ni kile kisimamacho mbele ya hakimu. Marlowe ana dalili tele na ushahidi haba, na hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kunyamaza.

Waliomsamehe Chandler habari za dereva, wengi wamemsamehe kwa sababu ya lugha. Huyu ni mtu aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1888, akasomeshwa Uingereza katika shule ya Dulwich, na kwa maneno yake mwenyewe ilimbidi ajifunze Kimarekani kama lugha ya kigeni. Labda ndiyo sababu alikisikia vizuri kuliko wenyeji. Tashbihi zake ni nyingi mno. Baadhi ya wasomaji husema zimezidi, kama chumvi, na katika kurasa fulani tunakubaliana nao. Lakini kinachowapa wafasiri taabu hasa ni majibu ya Marlowe. Anapoulizwa neno na mkubwa hujibu kwa jambo dogo la kuchoma, bila ya kupandisha sauti. Tumeona majibu ya namna hiyo yakiitwa "utani", "mzaha", na hata "ucheshi". Hayo ni makosa. Utani una ruhusa, baina ya watu wa makabila au ndugu wanaotaniana. Mzaha hauna shabaha. Neno lake liko tayari, limekaa pwani siku nyingi: ni "vijembe". Mpiga kijembe humsema mtu mbele yake kwa namna ambayo akikasirika atakuwa amejikubalisha. Mfasiri aliyekaa barazani jioni, au aliyesikiliza mipasho ya taarabu, ameshapata nusu ya mafunzo ya kumfasiri Chandler; nusu ya pili ni kujizuia, kwa maana kijembe cha Marlowe ni kifupi kuliko cha kwetu.

Lipo kundi la wasomaji, na leo ni kubwa, ambalo halimsamehe. Lasema kwamba wanawake katika kitabu hiki ni wazuri au ni hatari, na mara nyingi yote mawili, na kwamba Marlowe humsema Geiger na kijana aliyeishi naye kwa dharau isiyotokana na uhalifu wao bali na mapenzi yao. Maneno yamo kitabuni, hayakanushiki. Kwa mfasiri swali ni la vipimo. Kiswahili kina "kimwana", "kisura", "kidosho", "mrembo", na kila moja lina umri wake na heshima yake. Akichagua lililo jepesi kuliko la asili atakuwa amemwosha mwandishi, akichagua zito atakuwa amemwongezea dhambi. Dharau iliyomo ifasiriwe kwa kipimo chake. Kuisema kuwa ni dharau ni kazi ya mhakiki, wala si ya mfasiri, na mhakiki asiione kazi hiyo kuwa ndogo.

Limebaki jina la kitabu. Usingizi unaotajwa ni mauti, jambo ambalo Mswahili halimpi shida, kwani naye huwasema wafu kuwa wamelala. Taabu iko kwenye kivumishi. "Usingizi Mzito" ni wa mtu aliyechoka, ataamka asubuhi. "Usingizi wa Milele" umekwisha kupewa matangazo ya tanzia. "Usingizi Mkuu" una fahari, kama Ijumaa Kuu; na fahari ndiyo Marlowe asiyoitaka pale anapoondoka katika nyumba ya Sternwood mara ya mwisho, akiwawaza Regan aliyekwisha kufa na mzee aliye njiani. Tunabakiwa na "Usingizi Mkubwa", ambalo linakwaruza sikio kidogo, kwa kuwa hatusemi hivyo. Tunalipendelea hilo. Mwalimu mmoja wa pwani tuliyemwonyesha rasimu hii alisema yeye angeliita "Kulala Kule", bila ya kivumishi cho chote, nasi mpaka sasa hatujapata hoja ya kumjibu.